Kitanda cha Kijani

Asembo Bay,
24 Januari 1971

Mayi Agneta,

Mulembe. Amani kwako, binti yangu. Mimi nilifika salama juzi, mgongo wangu ndio umefika leo. Dalmas, yule dereva wa lori la samaki, alinipa nafasi mbele kwake na akaniimbia njia nzima nyimbo za kanisa lao kwa sauti ya mlango wenye kutu. Huku wote ni wazima. Mbuzi mweupe amezaa. Paka wako amehamia kwa jirani bila kuaga. Majirani wameshaanza kuniita Baba Mwalimu, nami nawaambia wangoje kwanza, hata chaki hujashika. Wale wa kuja kutoa pole wamepungua. Anakuja mmoja mmoja, anakunywa chai, anaangalia ukuta, anakwenda zake.

Usinijibu kwa Kiingereza chenu cha chuo, sitaki kutafuta mtu wa kunisomea barua ya mtoto wangu. Kibukusu nacho hakuna aliyetufundisha kukiandika. Kiswahili kinatutosha.

Sasa mambo ya chumba. Ile bawaba ya chini ya mlango niliikuta imelegea, nimeitia skrubu mpya, lakini ukifunga uinue mlango kidogo. Dirishani nimepiga waya wa mbu. Usimruhusu mtu autoboe ati anapitisha kamba ya nguo. Taa usiiweke rafu ya juu, iweke hii ya chini niliyoipiga karibu na mlango, mbali na pazia. Kule kwenye mfereji kuna watu wengi na maneno mengi kuliko maji. Nenda mapema. Mtu akikuruka kwenye foleni usigombane naye, msalimie vizuri huku unasukuma debe lako mbele ya lake.

Mama Gakenia mwenye nyumba nimemwona ni mtu mwema, ingawa anaongea kama anauza hata wakati hauzi. Nimemwambia wewe si mtu wa kutembea ovyo. Akanijibu kwamba yeye pia si mtu wa kufungua mlango ovyo. Tukaelewana.

Mkuu wa chuo alisema bweni la wasichana litakwisha kujengwa mwaka huu. Mimi ni fundi, maneno ya mafundi nayajua. Jipange kukaa hapo Nyalenda miaka yote miwili.

Kitanda kikilia ukigeuka, niambie, nitakuja na gundi. Nilikiunga kwa haraka.

Ni mimi baba yako,
Zacchaeus Simiyu, fundi wa gati


Nyalenda, Kisumu,
7 Februari 1971

Papa mpendwa,

Mulembe muno. Barua yako ililetwa na Dalmas mwenyewe, ikinuka samaki wa omena, mpaka wenzangu darasani wakaniuliza nimebeba chakula gani. Mimi ni mzima. Mama Gakenia ni mzima na anakusalimu. Mbuzi mwenye mtoto mpe chumvi, usisahau kama mwaka jana.

Chuo kimeanza vizuri. Tunafundishwa namna ya kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo. Mwalimu wetu anasema mwalimu akigeuka, darasa linageuka. Tutaanza kwenda shule za hapa mjini kufundisha kwa majaribio baada ya Pasaka. Naamka mapema, nateka maji, nafanya ulivyoniambia kuhusu debe. Inafanya kazi, lakini mama mmoja sasa ananiita "Habari-ya-asubuhi" na si kwa uzuri.

Umeniachia kazi ya kukueleza kwa watu. Siku ile ulipoondoka, Mama Gakenia aliniita kando.

"Yule mzee wako," akasema, "amesimama tangu asubuhi mpaka lori limekuja. Nikamwambia, Mzee, kaa basi hapo kitandani, upumzishe miguu. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Ana jipu?"

Nikamweleza kwamba kwetu baba hakai kwenye kitanda cha binti yake aliyekwisha kukua, hata achoke namna gani.

"Si angekalia debe!"

"Debe lilikuwa na maji, Mama."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Sasa kila akinikuta akiwa na mtu, anamwambia, huyu ndiye mwenye baba wa miguu ya chuma.

Wenzangu hawajui kwamba tulizika mama Novemba. Sijawaambia. Hawajauliza, na mimi sina maneno ya kuanzia.

Kitanda ni kizuri. Hakilii. Rangi ya kijani imekaa vizuri, isipokuwa mahali pamoja upande wa kichwani ambapo haikushika.

Binti yako,
Agneta Nakhungu


Asembo Bay,
14 Machi 1971

Mayi,

Mulembe. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mbao tatu za gati zilioza na meli ilikuwa inakuja na mahindi. Hakuna aliyetumbukia isipokuwa gunia moja, nalo likaokolewa na watu wengi zaidi ya wale ambao wangemwokoa mtu. Mbuzi nimempa chumvi. Mtoto wake ana kichwa kigumu, anagonga ukuta wa jikoni kutwa nzima, na mimi namwacha agonge. Angalau kuna sauti.

Hiyo sehemu ambayo rangi haikushika, nitairudia nikija. Usiikwaruze.

Nina habari kutoka Chwele. Mama yako mdogo Nekoye ameniandikia. Yeye na dada zake wamekubaliana kwamba mwisho wa Agosti, mkiwa mmefunga shule, watu wakusanyike nyumbani tumalize matanga na wao wagawe vitu vya mama yako, kama inavyotakiwa. Wameandika kila kitu wanachokumbuka: nguo, vyungu, ile kanga ya harusi ya Khocha, mjomba wako, jembe, cherehani. Nimewajibu kwamba vyote vipo, havijaguswa. Kitanda nimewaambia kilikwisha na mchwa.

Nekoye akikutembelea, usiwe na maneno mengi.

Mpe huyu Dalmas ile shati yangu yenye kola iliyochanika, niliisahau kwako kwenye msumari. Kula vizuri. Ukikonda watasema mimi ndiye nimekukondesha.

Baba yako,
Z. Simiyu


Nyalenda,
2 Mei 1971

Papa,

Mulembe. Natumaini gati imesimama na mbuzi bado ana kichwa. Shati nimeishona kola na nimempa Dalmas. Mama Gakenia amekuwekea maharagwe ndani ya mfuko, anasema mwanamume akiwa peke yake hula ugali na mawazo. Hapa mvua inanyesha kila mchana na njia ya kwenda mferejini imekuwa uji. Samahani kwa kukaa kimya. Nilianza barua tatu nikazichana.

Papa, mambo yangu si mazuri. Tumeanza kufundisha. Wiki iliyopita nilikuwa mbele ya darasa la pili, nikawapa watoto hesabu, nikakaa kidogo nikiwangoja. Niliposhtuka mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni na watoto wote wamenyamaza, wamenikodolea macho. Msichana mmoja mdogo alikuwa amenifunika mabega kwa sweta yake. Mkuu wa chuo ameniita ofisini. Amesema nikilala tena mbele ya watoto, au nikianguka mtihani wa kufundisha mwezi wa saba, nitarudi nyumbani na nafasi yangu itapewa mtu mwingine. Akaniuliza kama nina ugonjwa. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nina shida nyumbani. Nikasema hapana.

Sasa nakuambia wewe. Mimi silali. Ninalala chini, kwenye mkeka, na sakafu ya saruji hailaliki. Nalala nusu, naamka nusu. Kitanda naweka vitabu.

Nilikijua siku ile ile ulipokiingiza, papa. Ulikuwa unahema, umekibeba peke yako, hukutaka nikusaidie. Umekikata kikawa chembamba, umekipaka kijani, lakini ile alama ya kuungua upande wa kichwani iko pale pale. Ni pale mama alipoegemeza taa akishona sare yangu ya darasa la saba, tukasikia harufu, akapiga kelele akacheka. Rangi haiwezi kushika juu ya mkaa.

Sikusema kitu, kwa sababu ulisimama siku nzima ukitengeneza na uso wako ulikuwa kama wa mtu anayefanya kazi ya watu wengine. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu cha marehemu hakitumiki mpaka ndugu zake wakigawe. Nitakilaliaje? Na nitamwambia nini Mama Nekoye kuhusu mchwa?

Jambo jingine. Tangu tumzike sijalia. Si kwamba najizuia. Natafuta huzuni naikosa, nahisi baridi tu, kama mkono uliolaliwa. Wewe je?

Agneta


Asembo Bay,
9 Mei 1971

Agneta,

Mulembe. Nimepokea shati, kola umeishona vizuri. Maharagwe nimekula. Ziwa limepanda, maji yanagusa mbao za chini za gati. Samaki ni wengi, bei imeanguka, wanawake wa sokoni wanagombana na wavuvi, wavuvi wanagombana na ziwa. Mbuzi mdogo amemvunja kuku mguu.

Barua yako nimeisoma.

Kitanda ni mbao. Ni mvule. Niliununua mimi, nikaupasua mimi, nikautia randa mimi, mwaka ule nilipomwoa mama yako. Kama kuna mtu mwenye ruhusa ya kuukata ni mimi. Panda ulale.

Mama yako akiwa hospitalini alinishika hapa kwenye mkono akasema, "Huyu mtoto asikose chuo kwa sababu yangu. Hata nikifa katikati ya wiki." Mambo mengine aliyosema siku zile sikuyasikia vizuri, lakini hilo nililisikia. Sasa wewe unataka kukosa chuo kwa sababu ya mbao. Ukirudishwa huku utarudi kwa nani? Utakaa na mimi tuangalie ukuta?

Hilo swali lako la mwisho sina jibu lake.

Z. Simiyu


Asembo Bay,
30 Mei 1971

Mayi,

Mulembe. Huku wazima. Sijapata barua. Dalmas anasema alikuona njiani ukampungia mkono tu. Labda una kazi nyingi.

Nilikuandikia kwa ukali. Ni kalamu tu.

Baba yako


Asembo Bay,
27 Juni 1971

Mayi Agneta,

Mulembe. Kuku amepona, anatembea kama askari mlevi. Bado sijapata barua.

Alhamisi nilikuja Kisumu na Dalmas kununua misumari ya gati. Nilipita sokoni kwa Mama Gakenia. Akaniambia uko chumbani, unasoma, niende. Nilifika mpaka kwenye ua. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikaona umeusukuma bila kuuinua, bawaba italegea tena. Nikaona mkeka. Nikasimama hapo. Nikafikiria, nikiingia nitasimama tena mpaka lori liondoke, na wewe utakaa chini unitazame, na kitanda kitakuwa katikati yetu. Nikarudi sokoni, nikamwachia Mama Gakenia blanketi na ndizi. Natumaini amekupa. Alinifokea sana. Alisema, "Baba gani anakuja mpaka mlangoni anarudi kama mtu wa kuuza sabuni?"

Blanketi likunje mara nne, ulitandike juu ya mkeka. Linapunguza baridi ya saruji.

Mtihani ni lini?

Baba yako


Nyalenda,
25 Julai 1971

Papa mpendwa,

Mulembe, mulembe. Uisome barua hii ukiwa umekaa, ni ndefu. Mimi ni mzima. Mama Gakenia ni mzima na bado amekukasirikia. Blanketi nilipata, ndizi tulikula. Nisamehe kwa kimya changu. Ulipouliza nitarudi kwa nani, sikujua niandike nini chini ya swali kama hilo.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, nilikuwa nafua uani nikasikia mtu anagombana na kuku barabarani. Kutazama, ni Mama Nekoye, ametoka Chwele na basi, kuku kwapani, jasho linamtiririka. Sikupata hata nafasi ya kutangulia chumbani. Aliingia, akaangalia mkeka, akaangalia kitanda kilivyojaa vitabu.

"Kwenu huku vitabu ndivyo vinavyolala kitandani, watu wanalala chini?"

Nikanyamaza, kama ulivyoniambia nisiwe na maneno mengi. Akamfunga kuku kwenye mguu wa kitanda. Alipoinama, akasimama hapo hapo, ameinama hivyo hivyo. Akapitisha kidole juu ya rangi. Akafika upande wa kichwani, akakwaruza kwa ukucha, akaiona ile alama.

"Haya," akasema. "Kumbe mchwa wa Asembo wanajua kupaka rangi!"

Papa, nilitaka ardhi inimeze. Nilipiga magoti. Nikamwambia yote: kwamba ulikileta wewe, kwamba mimi sijakilalia hata siku moja, kwamba nimesinzia mbele ya watoto na karibu nifukuzwe. Nilingoja anichape. Yeye akaondoa vitabu, kimoja kimoja, akavipanga kwenye rafu yako ya chini. Akakaa kitandani. Akakaa sana, anapapasa mbao. Hakunitazama.

Halafu akasema, "Zakayo baba yako ni mjinga. Tulipoketi na dada zangu, kitu cha kwanza kabisa tulichokubaliana ni kitanda. Tulisema ni cha Nakhungu. Kingekuwa cha nani mwingine? Mimi nina changu. Alipotuandikia habari za mchwa, dada yetu mkubwa alilia, akasema mtoto amekosa kitanda cha mama yake. Angengoja tu, huyu mwanamume. Angengoja mpaka Agosti."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa, papa. Kilikuwa changu tangu mwanzo. Wewe ulikiiba ukanipa mwenyewe.

Akamwita Mama Gakenia aje awe shahidi. Mama Gakenia akaja na mikono ya unga, hajui anaitiwa nini. Mama Nekoye akasema mbele yake, kwa Kiswahili ili asikie, "Mimi ni dada ya mwenye kitanda hiki. Nasema leo, kabla ya siku yenyewe, kwa sababu mtoto anaumia. Hiki ni cha Nakhungu, binti ya dada yangu. Wenzangu nitawaambia mwenyewe." Akanishika mkono akanikalisha kando yake. Mama Gakenia akasema amina, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Nililala mchana huo huo, hapo hapo, kichwa changu kwenye mapaja ya Mama Nekoye. Nilipoamka yule kuku alikuwa ameshapikwa na nguo zangu zimekauka kwenye kamba. Kanga yake ilikuwa imelowa pale nilipoweka uso. Nikamuuliza ni maji ya nini. Akaniambia, "Ni yako. Umelia tangu ulipofumba macho." Papa, mimi sikumbuki kulia. Lakini tangu siku hiyo ule ubaridi umepungua. Juzi nilimwambia rafiki yangu darasani kwamba mama yangu alikufa, na nikaweza kusema mpaka mwisho.

Mtihani wa kufundisha nimeufanya Jumatano. Nilifundisha hesabu ya kutoa kwa kutumia viazi vya Mama Gakenia. Mkaguzi alikuwa yule yule. Alipotoka aliniambia, "Leo umeamka." Mkuu amesema ninaendelea.

Sasa ni zamu yangu kukuuliza. Dalmas ameropoka. Nilimwambia awe anakupelekea uji asubuhi akipita na lori, akanijibu, "Nimpelekee wapi, nyumbani au kule stoo ya gati anakolala?" Ndipo nikajua. Unalala stoo, kwenye magunia, tangu Januari. Fundi wa watu wote, aliyetengeneza vitanda vya nusu ya Asembo, nyumba yake haina kitanda. Mimi huku nimelala kwenye saruji, wewe huko kwenye magunia, na kitanda cha mama kimelaliwa na vitabu. Tungekuwa tunaonwa na mtu angesema tumerogwa.

Tengeneza kitanda, papa. Hiyo ndiyo barua yangu yote, hayo mengine ni salamu.

Na uje. Mama Gakenia amenipa kiti chake alichokuwa akikalia sokoni. Mguu mmoja ni mfupi, kinayumba kama kuku wako. Njoo na randa yako ukitengeneze, na ukimaliza ukikalie. Nimekiweka karibu na mlango.

Binti yako,
Agneta Nakhungu


Asembo Bay,
8 Agosti 1971

Mayi wangu Agneta,

Mulembe. Barua yako nilipewa gatini, nikakaa juu ya gogo la kufungia meli kama ulivyoagiza, nikaisoma, nikaisoma tena. Huku wote ni wazima. Ziwa limeshuka. Yule mbuzi wa kichwa kigumu nimemuuza kwa mtu wa Bondo, na siku mbili baadaye amerudi mwenyewe kwa miguu, mwenye mbuzi nyuma yake akimtukana. Tumekubaliana abaki. Mama yako mdogo Nekoye ameniandikia ukurasa mzima wa matusi na mwisho akaniombea baraka. Kule Chwele, anasema, wameanza kuniita Baba Mchwa. Mwisho wa mwezi nitasimama mbele yao wote wanicheke. Wana haki.

Umefaulu. Nimewaambia watu wa gati. Nimemwambia hata nahodha wa meli, ambaye hakuuliza.

Hukuuliza kwa nini nilifanya vile, lakini nitakuambia. Baada ya mazishi watu walipotawanyika, niliingia chumbani nikakiona kitanda. Upande wangu na upande wake. Sikuweza kulala upande wangu. Kulala katikati sikuweza pia. Kukiacha kitupu mpaka Agosti nikitazame kila siku, hapana. Na mtu mwingine kukilalia kabla yako, hapana kabisa. Basi nikachukua msumeno. Nilikikata nikiwa mzima wa akili, niliangalia tu mstari. Sikusikia kitu moyoni. Nilikata kama nakata mbao za gati. Nilifikiri labda ndivyo mtu anavyozeeka.

Uliniuliza mwezi wa tano, "Wewe je?" Nikakwepa. Jibu lilikuwa kwamba mimi pia sikuwa nasikia kitu. Nilikuwa naogopa kukuandikia hivyo, ukafikiri sikumpenda mama yako.

Sasa kuhusu kitanda. Nilikuwa na mvule kidogo umebaki. Jumatatu nilitia randa. Jumanne nikachonga miguu. Yote hayo nilifanya napiga mluzi. Jumatano nikachukua futi kupima upana. Unajua kitanda cha nyumba hii tangu nioe ni kipimo kimoja, mkono wangu unakijua bila futi. Nikapima hicho, nikatia alama kwa penseli. Halafu nikakumbuka. Nikafuta. Nikapima cha mtu mmoja.

Hapo ndipo nililia, mayi. Nilikaa chini kwenye maranda nikalia mpaka Dalmas akazima lori akaja kuangalia ni nini. Alishika ncha ya pili ya ubao mpaka nikamaliza kukata.

Kitanda kimekwisha, nimekilalia. Sikukipaka rangi.

Nitakuja Jumamosi na lori la asubuhi. Nitaleta randa, gundi na skrubu za ile bawaba. Mwambie Mama Gakenia aweke chai, nitainywa nikiwa nimekaa.

Ni mimi baba yako,
Zacchaeus Simiyu